Bastola ipi inadumu: saizi ya risasi, na chumvi ya kwetu ndani yake

Hii ni kwa wenye vibali vya polisi hapa Zanzibar na wale wenye kampuni za ulinzi wanaonunulia walinzi wao silaha, maana naona watu wanauliza bei na jina la kampuni tu, saizi ya risasi hawaulizi, na saizi ndo inayoamua bastola itakaa vipi huko mbele. Jawabu langu nalitoa mwanzo kabisa: chukua bastola ya 9mm (upana wa risasi ni milimita tisa), ya saizi kamili si ya mfukoni, mtutu wa inchi nne na kitu, chuma kilotiwa naitraidi (ngozi ngumu ya juu inayozuia kutu) au kisichoshika kutu. Zilobaki zote zinafuata nyuma.

Sababu si kwamba 9mm ni risasi laini. SAAMI, taasisi ya Marekani inayopanga viwango vya risasi, imeipa 9mm kikomo cha presha cha pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, na .40 S&W nayo 35,000 hizohizo, wakati .45 ACP ambayo watu wanaiogopa kwa unene wake ni 21,000 tu (namba zenye nukta ni unene wa risasi kwa inchi, takriban). Sa kama presha ndo ingekuwa kila kitu basi .45 ingezizika zote. Presha inakula mtutu na chemba (pale risasi inapokaa ikisubiri kupigwa), na mtutu wa bastola unachelewa sana kufa. Kinachochosha bastola ni slaidi (chuma cha juu kinachoteleza) inavyorudi nyuma na kuigonga fremu (mwili wa chini wenye mpini) kila ukifyatua, na hapo kinachohesabika ni uzito wa kichwa cha risasi mara mwendo wake. Kichwa cha 9mm cha kawaida ni greni 124 (greni 15 ni kama gramu moja) kikienda futi 1,150 kwa sekunde, cha .40 ni greni 180 kikienda futi kama 1,000, zidisha mwenyewe utaona .40 inasukuma karibu robo zaidi. Na shida ni kwamba bastola nyingi za .40 zimejengwa juu ya fremu ya 9mm, mfano Glock 22 ya .40 ni ndugu wa Glock 17 ya 9mm, kwa hiyo ni sawa na gari ya shamba yenye springi zilezile halafu ukaipakia magunia zaidi. Itakwenda, lakini springi zinalegea mapema, pini zinaanza kucheza, na sehemu ya fremu inayopokea kishindo inachakaa.

Ndo maana .40 naiweka chini kwenye orodha yangu ijapokuwa utaikuta inauzwa rahisi. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, waliiacha 10mm wakahamia .40 miaka ya 1990, halafu wakarudi 9mm, mkataba wao wa Glock ulikuwa 2016, na polisi wengi wa Marekani wakawafuata, kwa hiyo .40 zilizotumika zimejaa sokoni huko. Rahisi sawa, lakini jiulize kwanza imeshapiga ngapi na springi yake imebadilishwa lini.

Kuna jambo moja nalitilia mkazo sana kwa wenye walinzi, manake sijasikia mtu analizungumza hapa kwetu. Mlinzi akiingia zamu anapakia risasi chemba, asubuhi anaitoa, jioni anairudisha ileile, na wiki nzima ni risasi hiyohiyo moja inagongwa pua kila inapoingia. Kichwa kinazama ndani ya ganda kidogo kidogo, nafasi ya baruti inapungua, na siku ikipigwa presha inapanda juu kuliko bastola ilivyopangiwa. Kwenye .40 ndo hatari zaidi kwa sababu ganda halina nafasi ya ziada, lakini hata 9mm haijasalimika. Dawa yake ni nyepesi: risasi iliyotoka chemba isirudi juu ya magazini (kisanduku cha risasi), iwekwe chini kabisa, na kila baada ya muda isimamishwe mezani pembeni ya risasi mpya. Ikiwa fupi kuliko mwenzake itengwe isipigwe tena, ikabidhiwe panapohusika. Bastola ya kampuni inayotunzwa hivi itadumu miaka mingi kuliko ya bei ghali isiyoangaliwa.

Namba mbili naipa rivolva ya .357 Magnum inayopigwa risasi za .38 Special. Hapa wengine watanipinga lakini hebu tazama hesabu: rivolva imejengwa kubeba pauni 35,000, wewe unaipa .38 ya pauni 17,000, yaani nusu ya uwezo wake. Haina slaidi wala springi ya kurudisha, na mlinzi hatoi wala harudishi risasi kwa kuigonga pua. Mwenyewe ukiamua kuipiga risasi za magnum zenyewe kila mara basi hapo hadithi inabadilika, Smith & Wesson Model 19 ilijulikana kwa kupasuka ule mdomo wa mtutu unaopokea risasi kutoka kwenye silinda (ngoma inayozunguka yenye risasi), hasa kwa vichwa vyepesi vya greni 125, ndo wakaleta fremu nzito zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Rivolva ya Ruger GP100 nayo ni nzito na imara. Ila ukipiga .38 nyingi, safisha silinda vizuri, ganda lake ni fupi linaacha duara la masizi ndani, na siku ukitia .357 inakwama.

Tatu ni .45 ACP kwenye fremu ya chuma, mtindo wa 1911, bastola ya zamani ya jeshi la Marekani. Presha ndogo, chuma kingi, inadumu kweli. Kinachoishusha ni uzito, bei ya risasi, na kwamba chuma chake mara nyingi kimetiwa ile rangi ya buluu ya kizamani ambayo hewa ya bahari inaila bila huruma. .22 ni ya kujifunzia, mtutu wake hauchoki, ila angalia usinunue yenye slaidi ya zinki, na usifyatue tupu bila risasi, pini inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Zile ndogo za mfukoni za .380 zinavutia kwa wepesi wake. Presha yake ni 21,500 tu na mtu anadhani basi haitachoka, lakini baadhi yake hazina mfumo wa kufunga mtutu, ni uzito wa slaidi na nguvu ya springi ndo vinazuia kishindo, vyuma ni vidogo na vinakimbia kwa kasi. Kubeba sawa, kufanyia mazoezi kila wiki hapana. .357 SIG yenye pauni 40,000 na 10mm yenye 37,500 sioni hata haja ya kuzijadili kwa matumizi ya hapa, risasi zenyewe utazitafuta wapi.

Ya mwisho ni Tokarev, bastola ya Kirusi ya milimita 7.62, na hapa ndo chumvi inaingia. Bastola yenyewe ni ngumu. Tatizo ni risasi zake za akiba za zamani, nyingi fataki yake (kile kinachowasha baruti) ina klorati ya potasiamu, na ikishaungua inaacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi inavuta unyevu, na unyevu wa Unguja na Pemba wakati wa masika hauhitaji kuitwa mara mbili. Ukilala bila kuosha, asubuhi mtutu mwekundu. Inaoshwa kwa maji ya moto kwanza, manake mafuta peke yake hayaondoi chumvi, ikaushwe mpaka ndani, ndo ipakwe mafuta.

Na kusema kweli kwa mtu binafsi kutu ndo adui mkubwa kuliko saizi yoyote. Springi ya kurudisha slaidi mafundi wengi wanaibadilisha kati ya risasi 3,000 na 5,000, sa wewe unayepiga 100 kwa mwaka ni miaka 30 hiyo hujafika, wakati lindo la hoteli ya Nungwi au Paje, mita chache kutoka majini, linaweza kuipaka bastola kutu ndani ya wiki. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, ngozi inashika jasho na unyevu, iweke kwenye kisanduku kikavu na vile vipakti vya silika, uvibadilishe. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kila baada ya zamu, na magazini usizisahau, springi zake zinashika kutu kimyakimya.

Ukinunua iliyotumika, hakikisha kwanza haina risasi, uikague chemba kwa jicho na kwa kidole. Ifungue, angalia reli za fremu (njia inapoteleza slaidi) kama zina ufa, angalia pale slaidi inapogonga kama chuma kimebonyea, mulika mtutu kwa tochi kutoka nyuma, ukiona vishimo vyeusi ndani ni kutu ya zamani iliyosuguliwa. Muulize muuzaji springi ilibadilishwa lini. Akishindwa kujibu, hesabu bei ya springi mpya pamoja na bastola, na ufa wowote kwenye reli usiujadili, mrudishie.