Uzoefu wangu: draya ya pini nne kwenye nyumba ya mwaka 1968

Nyumba tuliyonunua hapa Columbus, Ohio, ilijengwa mwaka 1968, na kitu cha kwanza nilichokitaka ndani yake ni mashine ya kukaushia nguo. Kwetu Tanga kamba na jua vinatosha. Hapa mwezi wa Januari ukianika shati nje linakakamaa kama ubao. Nikachagua draya ya umeme, pipa la futi za ujazo 7.4, na mpaka leo siijutii. Kilichonihangaisha ni soketi.

Vijana walioileta walikuwa wameshaifunga waya wa pini nne. Wakaishusha chini kwenye chumba cha kufulia, wakaangalia ukutani, wakakuta matundu matatu. Wakaniambia kubadilisha hapo si kazi yao, wakaenda zao.

Sisi tuliokulia na plagi ya pini tatu tunajua: laivu inayoleta umeme, nyutro inayourudisha, na ile ndefu ya juu ni ethi, waya wa usalama wa kuondoa umeme ukigusa bati. Kwa hiyo nilipoona matundu matatu roho ilitulia, nikajua ethi ipo. Haipo! Soketi za kawaida za Marekani zina volti 120 tu, lakini draya inataka 240, na hizo zinapatikana kwa laivu mbili zinazoingia pamoja. Katika soketi ya zamani ya draya, matundu mawili ya mshazari ni laivu hizo mbili, na la katikati, lenye umbo la herufi L, ni nyutro. Matundu yameisha. Kipasha joto kinatumia laivu zote mbili, na mota inayozungusha pipa inatumia laivu moja na nyutro. Bati la nje la mashine limelindwa kwa njia moja tu: kipande kidogo cha shaba nyuma ya mashine kinacholiunganisha na nyutro.

Hayo yote sikuyajua. Nilimwita jamaa mmoja wa kazi ndogondogo, nikanunua waya wa pini tatu kwa dola 28, akabadilisha kwa dakika kumi. Mashine ikawaka, nguo zikakauka, nikamlipa. Wiki mbili nikaitumia, mara nyingine miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji yenye maji ya kufulia.

Siku moja nikampigia kaka yangu, fundi umeme wa miaka mingi, nimwonyeshe mashine mpya kwenye video.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Hebu geuza simu nyuma huko. Ethi yako iko wapi, mdogo wangu?”

Nikamwambia pini ziko tatu. Akanyamaza, kisha akaniambia nizime breka (swichi inayokata umeme yenyewe hitilafu ikitokea), nichomoe waya, nifungue kifuniko cha nyuma nimsogezee kamera. Kile kipande cha shaba kilikuwa kimelegezwa, kinaning'inia. Kwa waya wa pini nne kinatakiwa kiondolewe, kwa sababu ethi ina waya wake. Ukirudi kwenye pini tatu lazima kirudishwe. Jamaa yule alibadilisha waya, akakiacha vilevile. Maana yake bati zima halikuwa na pa kupeleka umeme: laivu ingegusa bati hilo, breka isingejua lolote, na wa kwanza kushika mashine ningekuwa mimi au mwanangu. Draya ilikausha vizuri wiki zote hizo. Kukausha si dalili ya usalama, na jambo hili linaniuma mpaka leo.

Baada ya hapo nilitafuta fundi umeme mwenye leseni. Alipima kwa mita: kati ya matundu ya mshazari volti 240, kila moja kwa la katikati 120. Akanieleza kwamba kanuni za umeme za nchi hii zilianza kudai waya wa nne kwenye laini mpya za draya katika toleo la mwaka 1996, na nyumba za zamani zinaruhusiwa kuendelea na tatu. Angeweza kurudisha kile kipande na kuondoka, ingekuwa halali. Lakini nyutro ikikatika au kulegea ukutani, kipande hichohicho kinaleta volti 120 kwenye bati kupitia mota.

Nikachagua laini mpya: nyaya za shaba namba 10 (kipimo cha unene cha Marekani), laivu mbili, nyutro na ethi, breka ya ampea 30, soketi ya matundu manne. Alirudisha waya wa kwanza uliokuja na mashine na akahakikisha kipande cha shaba kimetoka kabisa. Saa nne za kazi, dola 520. Inauma mfukoni, ila kazi ilikuwa safi, na alinionyesha kila skrubu kabla ya kufunga kifuniko.

Niliwahi pia kukaribia kununua adapta ya kuchomeka pini nne kwenye matundu matatu. Usinunue. Plagi inaingia vizuri, lakini ethi ya mashine inakwenda mpaka kwenye adapta na kuishia hapo.

Draya yenyewe? Jinzi nne na mataulo dakika 50. Kisoma unyevu kinazima mapema nguo zikikauka. Kichujio cha nyuzi nakisafisha kila mzigo. Khanga zangu bado naanika ndani, joto linazipausha.