Kipakiti cha gramu 4 dhidi ya tope la Mto Nyando: nimekijaribu mbele yenu

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Leo niko nyumbani kwa mama, karibu na Ahero, magharibi mwa Kenya, na haya mnayoyaona kwenye ndoo ni maji ya Mto Nyando. Nimeyateka asubuhi hii mwenyewe. Ngoja nisogeze kamera. Natumbukiza kijiko hiki cha chuma, tazameni, kimezama kina cha kidole tu na hakionekani tena. Ndiyo rangi ya mto huu kila mvua inaponyesha huko juu Nandi na Kericho. Udongo wote unateremka, unapita hapa kwetu, unaishia Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria.

Mlioniandikia wiki iliyopita mliuliza jambo moja: kile kipakiti cha unga wa kusafishia maji cha kampuni ya P&G, ambacho wengi hapa bado wanakiita PUR, kinafaa au ni pesa kupotea? Nimeamua nisijibu kwa maneno. Tukifanye pamoja, kwa saa, bila kukatakata video, na wakati tunasubiri nitawaambia ninachokijua.

Vifaa kwanza. Ndoo mbili, na hapo tayari kuna watu nimewapoteza, kwa sababu si kila nyumba ina ndoo mbili safi za akiba. Kitambaa cha pamba kisicho na tundu. Mwiko au kijiko kirefu. Saa. Na kipakiti chenyewe, gramu 4, kwa maji lita 10 kamili. Nimepima lita 10 na kuchora mstari kwa kalamu ndani ya ndoo, nanyi fanyeni hivyo, maana ndoo nyingi zinazouzwa kuwa za lita 10 zinabeba zaidi kidogo zikijaa hadi mdomoni.

Nakata kwa mkasi, si kwa meno. Kuna klorini humu ndani. Unga wote unaingia, na naanza kukoroga. Saa inasoma saa nne na dakika mbili. Tunakoroga kwa nguvu dakika tano nzima.

Mkono unapofanya kazi, niwaeleze kinachotokea. Tope la mto si mchanga. Mchanga ukiuacha unashuka wenyewe. Kinachofanya maji yabaki ya kahawia ni vipande vidogo mno vya udongo wa mfinyanzi. Punje yenye upana wa maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hesabu inahitaji siku nne hivi kushuka kutoka juu ya ndoo hadi chini. Punje ndogo kuliko hiyo mara kumi ingehitaji zaidi ya mwaka. Tena haitulii hivyo, kwa kuwa maji yenyewe yanaisukumasukuma huku na huku. Tazameni chupa hii ya kioo niliyoiacha dirishani tangu jana jioni. Chini kuna utando mwembamba wa mchanga, lakini juu ni kahawia vilevile.

Na kuna sababu nyingine. Punje hizo zote zina chaji hasi ya umeme juu yake. Zikikaribiana zinafukuzana, kwa hiyo haziwezi kushikana zikawa nzito. Hapo ndipo unga huu unapoingia. Ndani yake kuna salfeti ya feri, aina ya chumvi ya chuma. Ikiyeyuka, chuma kile chenye chaji chanya kinazimua chaji ya tope, na kufukuzana kunakwisha. Wataalamu wa maji wanaita hatua hiyo koagulesheni, sisi tuseme kugandisha. Papo hapo chuma kinafanya utelezi fulani, haidroksaidi ya chuma, unaonata kama ute wa bamia. Ukikoroga, punje zinagongana ndani ya ule ute, zinashikana mbili, kumi, elfu, mpaka zinakuwa mabonge yanayoonekana kwa macho. Hiyo hatua ya pili ndiyo flokulesheni, kukusanya mabonge. Ya kwanza ni ya kemia, ya pili inataka mkono wako. Ndiyo maana ukikoroga dakika moja ukaacha, unga utakuwa umefanya kazi nusu na wewe utasema ni mbovu.

Haya, dakika ya tatu. Mmeona? Sogeza hapa. Maji yamegeuka rangi ya kutu, na ndani yake kuna vitu kama maziwa yaliyokatika. Hayo ndiyo mabonge. Nimeona jambo hili mara nyingi sana na bado kila mara nasimama kulitazama.

Saa nne na dakika saba. Natoa mwiko, tunaacha yatulie dakika tano.

Mama yuko pale nyuma anacheka, kwa sababu yeye amefanya jambo hili tangu kabla sijazaliwa, kwa shabu. Jiwe hili hapa, jeupe, linang'aa kama sukari guru iliyokosa rangi. Alikuwa akilishika mkononi na kulizungusha ndani ya mtungi mara saba au nane, halafu anafunika mpaka asubuhi. Asubuhi maji meupe. Shabu ni chumvi ya alumini, na inafanya kazi ileile ya kuzima chaji na kukusanya mabonge. Pale Ng'ethu, kiwanda kinachosafisha sehemu kubwa ya maji ya Nairobi, wanatumia alumini hiyohiyo, ila wao wanapima. Wanajaza maji yaleyale kwenye bilauri kadhaa, kila moja inapewa kipimo chake cha dawa, zinakorogwa haraka kisha polepole, na ile inayong'aa kwa dawa kidogo zaidi ndiyo inayoamua kipimo cha siku hiyo. Mto ukibadilika, kipimo kinabadilika. Mama hakuwa na bilauri. Akizungusha kidogo, maji yanabaki na ukungu. Akizidisha, yanakuwa makali mdomoni, maana shabu inaongeza asidi ndani ya maji.

Lakini si ladha iliyonifanya nishike mambo haya. Mvua za El Niño mwaka wa 1997 zilipofurika huku, kisima kilizama na tukawa tunakunywa ya mto yaliyotiwa shabu. Yalikuwa meupe kabisa. Ungeyaweka kwenye glasi ungesema ni ya mvua. Na mdogo wangu aliharisha siku tatu mpaka macho yakaingia ndani, akatundikiwa dripu. Alipona, tunashukuru. Mama alijiuliza sana alikosea wapi, na ukweli ni kwamba hakukosea. Alifanya alichojua, na kwa macho maji yalikuwa safi. Shabu inazamisha vijidudu vingi pamoja na tope, lakini haiui vinavyobaki, na haiachi chochote ndani ya mtungi cha kupambana na vile vinavyoletwa na kikombe au mkono wa mtoto.

Mlonge ni vivyo hivyo. Najua mtauliza. Mbegu zake zikimenywa na kutwangwa zina protini yenye chaji chanya, na wanawake wa Sudan kandokando ya Nile wamezitumia miaka mingi kusafishia maji ya mto. Naziheshimu sana, na kama huna kingine, zitumie, halafu chemsha. Maji ya mlonge usiyalaze, kwa sababu mabaki ya mbegu yanabaki ndani na kesho yake yananuka.

Dakika tano zimekwisha. Tazama! Nainamisha kidogo. Tope lote liko chini kama uji mzito wa rangi ya kutu, na juu yake maji yanang'aa. Kama yako bado yana ukungu, koroga tena, uache tena.

Sasa kuchuja. Kitambaa hiki nimekikunja mara mbili juu ya ndoo ya pili. Namimina polepole, na zile sentimita za mwisho zenye uji naziacha palepale, sina tamaa nazo. Hatua hii watu wanaidharau. Kuna kimelea kinaitwa kriptosporidiamu, kinaharisha watoto vibaya, na klorini ya kiasi cha kunywa hakiisikii. Kwa unga huu, kinaondoka tu kikinaswa ndani ya mabonge. Ukiruhusu bonge lipite kwenye kitambaa, umemrudishia mtoto kilekile ulichomwondolea. Likipita, chuja upya.

Saa nne na dakika kumi na tano. Tumechuja, tumefunika, sasa dakika 20 za kusubiri. Hizi ni za klorini. Pamoja na ile salfeti, unga una haipokloraiti ya kalsiamu, yaani klorini iliyo katika hali ya unga, na ndiyo inayoua bakteria na virusi. Hapo ndipo kipakiti kinapoishinda shabu. Na kinashinda pia ile dawa ya matone ukiitia kwenye tope, kwa sababu tope linaila klorini kabla haijawafikia vijidudu, na vijidudu vyenyewe vinajificha ndani ya punje. Chupa za WaterGuard, ile klorini ya maji ya dukani, zinasema maji machafu yapewe kipimo maradufu, na sababu ni hiyo.

Sasa nisiwadanganye. Utafiti mkubwa wa unga huu ulifanywa hapahapa magharibi mwa Kenya, katika maboma 605, kwa wiki 20, na ukachapishwa mwaka wa 2005 katika British Medical Journal. Maboma mengine yalipewa unga huu, mengine klorini ya maji, mengine yaliendelea kama kawaida. Kwa watoto wa chini ya miaka miwili, kuhara kulipungua kwa asilimia 25 kwa waliotumia unga na asilimia 17 kwa waliotumia klorini peke yake. Kwa watu wa umri wote, mambo yaligeuka: asilimia 19 kwa unga na 26 kwa klorini. Waliokufa walikuwa wachache zaidi katika maboma yaliyotibu maji, kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Kwa hiyo mtu akikuambia kipakiti hiki ni muujiza na klorini ya kawaida ni takataka, mwambie asome tena. Tofauti iliyokuwa wazi ni rangi. Ukungu wa maji ulikuwa 55 kwa kipimo cha NTU, ambapo namba ndogo ni maji yanayong'aa zaidi, kwa wale wasiotibu, na 8 kwa waliotumia unga. Kwangu hilo si dogo. Nimeona watoto wakikataa kunywa maji ya kahawia yaliyotiwa dawa, wakaenda kunywa ya jirani.

Gharama. Bei ya dukani inabadilika, kwa hiyo nipige hesabu ya idadi. Nyumba inayokunywa lita 20 kwa siku inahitaji vipakiti viwili, sitini kwa mwezi. Chupa moja ya WaterGuard ya mililita 150, kifuniko kimoja kwa lita 20, inatibu lita 1000. Ili utibu lita 1000 kwa unga huu unahitaji vipakiti 100. Mwenye bomba, kisima kilichofunikwa au maji ya mvua yanayong'aa, usinunue hiki. Chukua klorini. Hiki ni cha mtu wa mto, wa silanga (bwawa), wa mafuriko. Niko hapa Ahero, kwa hiyo namaanisha sisi.

Malalamiko yangu mawili. Moja, kazi. Dakika tano za kukoroga ukiwa na mtoto mgongoni na ugali jikoni ni ndefu. Mama mwenye watoto watano hataifanya mara mbili kila siku bila msaada, na sisi wanaume tulio hapo kibarazani tuinuke tukoroge. Mbili, upatikanaji. Kuna duka moja, sitalitaja, liliniuzia vipakiti vilivyokwisha muda, na mwenyewe akasema dawa haiozi. Klorini inapungua nguvu ikikaa. Soma tarehe mgongoni mwa kipakiti kabla hujatoa pesa.

Na dawa hii haiondoi kila kitu. Chumvi haiondoi. Naitreti za mbolea zinazotoka kwenye mashamba ya mpunga hapa chini haiziondoi, kwa sababu zimeyeyuka kabisa, hakuna cha kugandisha. Usigawe kipakiti nusu kwa lita tano, unga ndani haujachanganyika sawasawa kiasi cha kukuhakikishia kila nusu ina dawa yake. Maji yakishatibiwa, yatumie ndani ya saa 24. Na ule uji wa chini umwage chooni, mbali na kuku na watoto, usiumwage kwenye mboga.

Naangalia saa. Saa nne na dakika thelathini na tano. Nafunua, nanusa, kuna harufu ndogo ya dawa, kama maji ya bomba ya Kisumu asubuhi. Kile kijiko, nakirudisha. Mnakiona? Kimefika chini kabisa na naisoma ile chapa iliyogongwa kwenye mpini.

Mama, karibu. Kikombe cha kwanza ni chako.