Lubugo badala ya kanvasi: inawafaa wanaochora utawala?

Ukitaka kuchora nani kakalia kiti na nani kambeba aliyekalia, lubugo, kitambaa cha gome la mti, inakufanyia nusu ya kazi kabla hujachovya brashi. Katika ufalme wa Buganda, nchini Uganda, mafundi wa ukoo wa Ngonge chini ya kaboggoza, mkuu wao wa kurithi, ndio waliomtengenezea kabaka, yaani mfalme. Raia walivaa ya rangi ya udongo mwekundu. Wakubwa walivaa iliyotiwa weupe au weusi, tena kwa mtindo wao. Falme za Uganda zikafutwa mwaka 1967, zikarudi 1993. Mtazamaji wa Kampala anayasoma hayo hata kama hujachora kitu.

Kitambaa chenyewe kina ukaidi. Ni gome la ndani la mti wa mutuba lililopigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi likapanuka. Nyuzi zinafuata urefu wa shina, kwa hiyo ukikikaza kwenye fremu kama pamba, kitachanika kufuata nyuzi. Kibandike kwanza juu ya kitambaa cha pamba kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. Gundi ikae nyuma tu. Ikipenya mbele inaacha mng'ao wa plastiki, na uzuri wote umekwisha. Kikauke kimelazwa chini ya ubao, ndipo ukikaze.

Dukani, kiinue kwenye mwanga utafute sehemu nyembamba. Viraka vilivyoshonwa visikutishe, ni kazi ya fundi.

Rangi ndizo zitakazokusumbua, hasa ukichora vyama vya siasa vya Uganda. Nyekundu ya chama cha NUP inamezwa na wekundu wa kitambaa, manjano ya NRM inageuka haradali. Buluu ya FDC pekee ndiyo inayojitokeza bila msaada (msinisingizie, ni mambo ya rangi tu). Tanguliza akriliki nyeupe mara mbili, ya kwanza ikauke kabisa, palepale utakapoweka rangi kali, si kitambaa kizima.

Maandishi madogo, kama vifungu vya katiba, sahau. Kalamu inanasa kwenye nyuzi na wino unasambaa. Tumia uzi na sindano. Shanga za karatasi, alizozishona sana msanii wa Uganda Sanaa Gateja, zinakaa vizuri, ila ni nzito: bila pamba nyuma kazi italegea katikati.

Kwa picha za sura zenye mikunjo midogo ya uso, nunua kanvasi ya kawaida. Kazi ya lubugo ikiisha, izungushie kwenye bomba la kadibodi, upande uliochorwa ukiwa nje, na usiiweke penye unyevu, itaota ukungu.