TAHADHARI: Kabati za jikoni za "mninga wa mtumba". Angalia tundu la bawaba kabla hujalipa

Ndugu zangu mnaotengeneza jikoni mwaka huu, nawaomba msome hili kabla hamjamtumia fundi yeyote advansi. Limetukuta mimi na mume wangu hapa Dar, na matangazo ya fundi aliyetutapeli bado yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Jina la biashara limebadilika, picha ni zilezile.

Kabati zetu za zamani zilikuwa zimeliwa na mchwa. Tulitaka kitu cha bei ya kawaida, na kwa upande wangu sikutaka mti ukatwe kwa ajili ya milango ya jikoni kwangu. Mninga unaota polepole mno huko kwenye miombo ya Tabora na Katavi, na ukishaangushwa, wa kuziba pengo lake watauona wajukuu. Kwa hiyo tangazo lilinigusa panapouma: mninga wa nyumba za zamani zilizobomolewa, hakuna mti uliokatwa, gundi haina kemikali. Bei shilingi 2,800,000, kupima na kufunga humo humo.

Tulitoa advansi ya asilimia 60, yaani 1,680,000, kwa simu. Nikaomba nifike karakana nione mbao. Siku ya kwanza akasema yuko safarini, ya pili umeme umekatika, ya tatu akanitumia picha ya cheti chenye alama ya mti. Jina lililoandikwa kwenye cheti halikuwa lake. Nililiona, nikanyamaza, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Vyeti vya kweli vya FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha mbao za misitu inayotunzwa, vina namba inayoanzia na FSC-C, na mtu yeyote anaweza kuitafuta bure kwenye tovuti yao akaona ni ya nani. Dakika mbili tu.

Kazi ilichelewa mwezi mzima. Walikuja kufunga saa mbili usiku, vijana watatu, haraka haraka, na fundi mwenyewe amesimama mlangoni anasubiri 1,120,000 zilizobaki. Chini ya taa kabati zilipendeza kweli. Tukamlipa yote.

Asubuhi jua lilipoingia dirishani ndipo nikaona. Mlango wa kushoto ulikuwa na fundo la ubao lenye umbo la punje ya maharage, karibu na kitasa. Mlango wa pili una fundo hilohilo, mahali palepale. Wa tano pia. Hakuna mti unaorudia fundo. Ile ilikuwa karatasi iliyochapwa picha ya mninga na kubandikwa juu ya chipubodi.

Nikampigia. Akaniambia ni "mpangilio wa kisasa". Baada ya wiki tatu, droo ya chini ya sinki ilikuwa imevimba haifungi. Mume wangu alipobonyeza ukingo wake kwa kidole gumba, kidole kikazama. Ndani mlikuwa na vumbi la mbao na gundi, laini kama ugali uliolala. Siku hiyo hiyo namba ya fundi ikawa haipatikani.

Halafu kuna harufu. Wiki zote hizo mwanangu wa miaka minne alikuwa akiingia jikoni anafikicha macho, nami nikidhani ni vanishi. Chipubodi nyingi hushikanishwa kwa gundi yenye formaldehaidi, na hewa yake hutoka taratibu kwa muda mrefu, zaidi kukiwa na joto na unyevu, na jikoni kuna vyote viwili. Taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliitangaza formaldehaidi mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Huyu bwana alijua anachouza, na akaninadia kwa jina la mazingira.

Sisemi chipubodi ni kitu kibaya. Inatengenezwa kwa mabaki ya mbao, na kwa kabati la nguo kwenye chumba kikavu inatosha, ilimradi uambiwe ni chipubodi na ulipe bei ya chipubodi.

Sasa jinsi ya kukagua. Uzito usikudanganye, maana chipubodi nayo ni nzito. Mwambie fundi afungue bawaba moja mbele yako. Bawaba nyingi za kabati za siku hizi hukaa kwenye tundu la duara la milimita 35, na humo ndani hapana karatasi: utaona nyuzi za ubao, au utaona chenga. Kisha tazama kichwa cha ubao. Mistari ya usoni lazima iendelee mpaka ukingoni. Ikikatika ghafla, hiyo ni sura iliyobandikwa. Na mbao iliyotoka kwenye nyumba ya zamani haikosi alama za maisha yake, hasa matundu ya misumari yenye weusi pembeni, kwa sababu chuma kikikutana na unyevu huacha doa kwenye ubao. Zangu hazikuwa na hata tundu moja. Wala risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hatukupewa, nasi hatukuidai.

Fundi mzee wa Keko aliyekuja kuziondoa alituonyesha kitu ambacho hakuna aliyetuambia mwanzo: chini ya kaunta yetu ya zege kuna kuta za tofali, nzima kabisa. Masanduku mapya ya kabati hayakuhitajika. Ilitosha milango sita na rafu. Alitupeleka tukachague wenyewe mbao za milango ya zamani, akazipiga randa mbele yetu, na tunamlipa kila mlango unapofungwa.

RB, yaani namba ya taarifa yetu, tumeshachukua polisi, na serikali ya mtaa wameandika barua ya wito kwa Jumatatu. Kama nawe umeuziwa milango yenye fundo linalojirudia karibu na kitasa, usifute ujumbe wa miamala wala usitupe vipande. Niandikie inbox kabla ya Jumatatu, twende pamoja.