Kipima pembe cha dijitali kwa kukagulia sprogi, nyota 4

Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja niliyotoa ntaisema huko chini. Ni kile kiboksi kidogo cha kupimia pembe, mafundi seremala wanakitumia kwenye misumeno yao, mi nimekichukua kwa ajili ya hang-glaida yangu, lile bawa la kitambaa na mabomba lisilo na injini unaloruka umening'inia chini yake, na yangu ni ile isiyo na mlingoti juu ya bawa.

Kwa asiyejua, sprogi ni vibomba vilivyofichwa ndani ya tanga karibu na ncha za bawa, vinazuia ukingo wa nyuma usishuke kupita kiasi pale hewa chafu, yaani yenye misukosuko, inapoichapa pua kwenda chini. Hang-glaida haina mkia, kwa hiyo ukingo huo uliobaki juu ndo unaonyanyua pua. Sasa ukiruka kawaida tanga linaelea juu ya sprogi bila hata kuzigusa, ndo maana zikishuka hujui, hewa ikitulia glaida inaenda vizuri tu tena baa, lile bomba la mbele unaloshika kuongozea, inakuwa nyepesi ukivuta kuongeza spidi, na wapo watu wanazishusha makusudi kwa sababu hiyohiyo jamani.

Yangu nimenunua imeshatumika. Siku moja mchana hewa inachemka, nikatoka kwenye hewa inayopanda nikadumbukia kwenye inayoshuka, pua ikaanguka, kamba za hanesi ninayoning'inia nayo zikalegea nikawa sina uzito kabisa, na baa niliyotegemea inivute mikono kwenda mbele ikawa tupu, haina nguvu yoyote. Nikaing'ang'ania kwa mikono miwili mwili ukae karibu nayo, spidi ikaja, pua ikanyanyuka taratibu mno. Nilitua natetemeka.

Ndo nikanunua hiki kiboksi. Unakilaza kwenye bomba la kati unabonyeza sifuri, unakaza ile kamba ya viji (VG, inayokaza na kulegeza tanga) mpaka pale kitabu cha kiwanda kinaposema, unafungua zipu chini ya tanga unakiweka juu ya sprogi. Kinasoma mpaka 0.1 ya digrii. Kushoto ilikuwa chini ya namba ya kitabu kwa digrii 2.1, kulia 1.4, nimerudia mara 3 majibu yaleyale. Nimezirudisha na fundi anayeijua glaida hii, sasa nikivuta baa inanipinga kama inavyotakiwa, nimepoteza spidi kidogo na wala siidai.

Kasoro: kina sumaku chini ila mabomba yetu ni alumini, haishiki, funga kwa raba. Bomba ni duara, kikiinama pembeni hata kidogo namba inabadilika. Kubwa zaidi, kinajizima chenyewe baada ya dakika chache na sifuri inapotea, kikiwaka tena kinakupa namba ya uongo nawe unaiamini, nusura niharibu upande wa kulia kwa hilo. Kila kikizima anza upya kwenye bomba la kati. Kioo nacho juani hakisomeki, pimia kivulini.

Na usidhani ukishapima basi umemaliza, hewa ikichafuka bado legeza viji, vuta baa kidogo uwe na spidi, pua ikirushwa juu usisukume baa hata kidogo, maana bawa likiishiwa mwendo pua ikiwa juu ndo linapobinuka.

Betri iliyokuja nacho ilikufa wiki ya kwanza, nunua nyingine kabisa.