Boksi la John Fahey la miaka ya mwanzo, mikwaruzo na yote

Jamani nimelimaliza boksi la CD 5 la John Fahey, yule mpiga gita Mmarekani, zile rekodi za 1958 mpaka 1965 ambazo lebo ya Dust-to-Digital walizitoa upya 2011, na kusema kweli siku mbili za kwanza nilikuwa najiuliza hela yangu imeenda wapi. Nyimbo 115 bwana! Mwanzoni jamaa ana miaka 19 tu, unasikia kabisa bado anajifunza gita, kidole gumba kinatwanga besi, vingine vinakimbizana na melodi, akikosea anaendelea kama hakijatokea kitu.

Zile anazoimba kwa jina la bandia Blind Thomas, anajifanya mzee kipofu wa bluzi, mi naruka. Kijana mzungu wa Maryland kuigiza mzee mweusi, utani huo umechacha.

Ila ukifika za baadaye duh, kasi inapungua, noti moja anaiacha ining'inie mpaka unadhani CD imekwama, ndo napopapenda hapo. Kumbuka hizi zilirekodiwa nyumbani kwa Joe Bussard, mkusanyaji wa santuri za zamani, aliyekuwa anakata santuri za 78 (zinazozunguka mara 78 kwa dakika) moja moja mtu akiagiza, kwahiyo mikwaruzo ipo, usitegemee sauti ya studio, na kwangu bora hivyo kuliko wangesafisha gita likabaki kama plastiki.

Kitabu kinachokuja nayo kizuri sana. CD ya 3 ilinifikia imechomoka kwenye kishikizo ina mchirizi, muuzaji kanizungusha wiki tatu ndo kanibadilishia. Asiyemjua Fahey asianzie hapa, atachoka CD ya kwanza tu.