Rez Infinite: toleo lipi ununue, na kwa nini padi ndiyo itakayoamua

Lalamiko linalojirudia kuhusu Rez, gemu ya kulipua maadui kwa mdundo wa muziki ambayo toleo lake jipya ni Rez Infinite, ni hili: mtu amelipia, amecheza Area 1 (eneo la kwanza), ameona mistari na mianga ikimpita, akaizima akisema ni gemu ya kawaida ya kulenga shabaha, tena fupi. Ukimuuliza alishika nini mkononi, mara nyingi atakwambia padi ya bei poa isiyotetema, au kibodi. Hapo ndipo hela ilipopotelea. Mwongozo huu hautapoteza muda kwenye ung'avu wa picha wala idadi ya fremu. Matoleo yote yanayouzwa leo yanaonekana vizuri. Ninachokiangalia ni mtetemo, na matoleo nimeyapanga hasa kwa kipimo hicho.

Sababu iko kwenye jinsi gemu yenyewe inavyofanya kazi. Rez ilitoka Japani Novemba 2001 kwa Dreamcast na PlayStation 2, ikaundwa na United Game Artists ya Sega chini ya Tetsuya Mizuguchi. Unashikilia kitufe, unapitisha alama ya shabaha juu ya maadui, unakamata hadi wanane kwa mpigo, kisha unaachia. Kila adui anayelipuka anatoa sauti, na gemu inaisogeza sauti hiyo ikae sawasawa juu ya mdundo hata kama wewe umeachia kitufe mapema au umechelewa kidogo. Ndiyo maana kuchelewa kwa televisheni, jambo linaloua gemu nyingi za muziki, hapa halina madhara makubwa. Ila mwanzoni mwa kila eneo muziki ni mwembamba sana. Ngoma inaingia kidogo kidogo kadiri unavyofungua tabaka, na kila eneo lina tabaka 10. Katika dakika hizo za mwanzo mdundo unaupata zaidi viganjani kuliko masikioni. Padi ikinyamaza, nusu ya gemu haipo.

Kuhusu maudhui yaliyofichwa, wauzaji wanawachanganya watu bila sababu. Maeneo matano ya msingi yamo katika matoleo yote, kuanzia muziki wa Keiichi Sugiyama katika Area 1, Ken Ishii katika Area 3, hadi Adam Freeland katika Area 5. Sehemu ya Beyond nayo imo kote: Lost Area, Trance Mission, Direct Assault, pamoja na mipangilio ya rangi na kamera inayofunguka kadiri unavyoendelea kucheza. Hakuna cha kununua pembeni ili uvifungue, vinataka uchezaji tu. Tofauti kubwa ya maudhui ni moja: Area X, eneo jipya lililojengwa kwa Unreal Engine (programu ya kuundia gemu), ambamo unaruka popote unapotaka badala ya kupelekwa kwenye njia moja. Hilo limo katika Rez Infinite ya mwaka 2016 na kuendelea, halimo kwenye Rez HD (toleo la Xbox 360) wala kwenye diski za zamani. Kwa hiyo mtu akikuuzia Rez HD kwa bei ya juu kwa sababu eti "ina kila kitu", mkatalie.

Nafasi ya kwanza naipa Rez Infinite ya PS4 ikichezwa kwa DualShock 4 halisi, yaani padi ya PS4, na sifichi kwamba naipendelea padi hii. Ina mota mbili zisizolingana. Ya kushoto ni nzito na inapiga kama besi, ya kulia ni nyepesi na inavuma kwa kasi. Rez inahitaji zote mbili. Huhitaji miwani ya VR, maana gemu yote pamoja na Area X inachezeka kwenye televisheni ya kawaida. Ukiwa na PS5, toleo hilohilo la PS4 linacheza, na DualSense, padi ya PS5, inatetema vizuri. Kabla hujalaumu gemu, pitia mipangilio ya konsoli. Kwenye PS4 ingia Settings, Devices, Controllers, uhakikishe Enable Vibration imewekwa alama. Kwenye PS5 ingia Accessories, na nguvu ya mtetemo iwe Strong. Watu wengi waliizima zamani ili kuokoa chaji, wakasahau.

Ya pili ni PS5 yenye PlayStation VR2. Kwa mtetemo pekee ingeongoza: padi mbili zinatetema, miwani yenyewe inatetema kichwani, na unalenga kwa macho, unapotazama ndipo alama inapokwenda. Lakini miwani hiyo ilitoka mwaka 2023 kwa dola 549.99, na hata baada ya kushushwa hadi 399.99 mwaka 2025, sikushauri kuinunua kwa ajili ya gemu moja ya saa chache. Kama unayo tayari, usisite.

Ya tatu ni toleo la kompyuta kupitia duka la mtandaoni la Steam, iliyotoka Agosti 2017 kwa dola 24.99, na hushushwa bei kwenye misimu ya punguzo. Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hii ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuipata kihalali. Shida iko kwenye padi. Zile padi za USB zinazoandikwa "vibration" kwenye boksi zinaweza kuwa na mota kweli, lakini Windows inazitambua kwa mfumo wa zamani wa DirectInput, na mtetemo wake unataka draiva ya mtengenezaji ambayo mara nyingi haimo hata kwenye boksi. Vitufe vinafanya kazi, mota zimelala, na mnunuzi anadhani gemu haina mtetemo. Tumia padi ya Xbox, ambayo Windows inaijua moja kwa moja, au DualShock 4 ukiwa umewasha Steam Input, mpangilio wa padi ndani ya Steam. Kama inagoma hata kuonekana ukiichomeka, badilisha waya kwanza, maana nyaya nyingi za micro-USB zinapitisha chaji tu na hazipitishi data.

Ya nne ni Rez HD ya Xbox 360, ya Januari 2008. Haina Area X, lakini ina jambo moja la kipekee: unaweza kuunganisha padi nyingine hadi tatu, zisiendeshe chochote, zitetemeke tu kwa mdundo. Unaiweka moja mgongoni, nyingine miguuni, na hapo unaelewa waundaji walikuwa na nia gani. Duka la Xbox 360 lilifungwa Julai 2024, kwa hiyo mwenye konsoli hiyo atafute diski iliyotumika iitwayo Qubed ya mwaka 2009, ambayo ina Rez HD pamoja na gemu nyingine mbili.

Diski za PlayStation 2 na Dreamcast ni za wakusanyaji. Padi ya Dreamcast haina mota ndani yake, ni lazima ununue Jump Pack, kifaa cha kutetemesha, na kuichomeka kwenye tundu moja la padi, huku VMU ya kuhifadhia ikikaa kwenye tundu la pili. Muuzaji asipoitaja Jump Pack, jua haimo. Japani ilikuwa na boksi la PS2 lenye Trance Vibrator, kifaa cha USB kisichofanya kingine ila kutetemeka kwa mdundo. Kifaa hicho kina draiva yake ndani ya Linux mpaka leo. Ni adimu, ni ghali, na diski ya Kijapani haitakubali kwenye PS2 ya Ulaya isiyowekwa chipu.

Meta Quest: nzuri, inatetema kiasi, nunua kama miwani unayo. Toleo la simu la Daydream lisahau, Google iliachana na mfumo huo. Kibodi na kipanya: hapana.

Sasa wauzaji. Soko letu limejaa DualShock 4 za kuiga zinazouzwa kwa jina la "orijino", na bei yake haiko mbali na ya ile halisi, jambo linaloudhi zaidi. Ndani ya nyingi ya hizo kuna mota ndogo zinazofanana pande zote mbili, au moja tu. Muuzaji anakubonyezea vitufe, anakuonyesha taa inawaka, anasema "mzigo mpya huu". Mtetemo haupimi mbele yako, na mteja haulizi. Ulizeni. Nenda na laptopu, ichomeke padi kwa waya, fungua mojawapo ya kurasa za kupimia padi kwenye kivinjari cha Chrome, ubonyeze sehemu ya mtetemo. Ishike kwa mikono miwili. Padi halisi inagonga kwa uzito upande wa kushoto na inavuma upande wa kulia. Ikitetema sawasawa pande zote kama simu, irudishe mezani. Ya kuiga pia huwa nyepesi mkononi. Padi halisi ina namba CUH-ZCT1 au CUH-ZCT2 kwa nyuma, na ile ya ZCT2 inaonyesha mstari wa mwanga juu ya kipande cha kugusa, ingawa mstari huo waigaji nao wameujua, kwa hiyo usiuamini peke yake.

Kadi za zawadi za PlayStation nazo zimekuwa kero. Mtandao wa PlayStation hauna duka rasmi la Kenya wala Tanzania, wakati walioko Oman na Falme za Kiarabu wanalo. Huku watu wanafungua akaunti za nchi nyingine, kisha wananunua kadi kwa madalali wanaoongeza chao juu ya thamani iliyoandikwa. Kinachouma ni dalali kutokuuliza akaunti yako ni ya nchi gani. Kadi ya Uingereza haiingii kwenye akaunti ya Marekani, na ukishakwangua namba hakuna anayekurudishia. Fungua mipangilio ya akaunti, soma nchi iliyoandikwa, umtajie muuzaji nchi hiyo kabla hujatoa hata shilingi.

Kama bajeti haitoshi vyote kwa pamoja, anza na padi nzuri, gemu uisubiri ishuke bei. Ukishaipata, ingia kwanza kwenye hali ya Traveling, ambamo hufi, ucheze Area 1 sauti ikiwa chini kabisa. Mdundo usipokufikia viganjani, rudi kwenye mipangilio kabla hujaendelea.